Bawa la Kushoto

Mwaka jana, Łódź, ukumbi ule ule wa maonyesho,
nilimpiga Dobrochna picha mia mbili na kumi
na sikumpata hata katika moja.
Uso ulitoka kijani kwa taa za jukwaa,
utosini ameota kibao cha mlango wa dharura,
na bawa la kushoto, alilolishona miezi saba,
nililikata kwa ukingo wa fremu
kama mtu akataye ukucha.

Hakunilaumu. Alitazama skrini, akapunguza sauti:
"Na hili jingine liko wapi?"
Maneno matano tu.
Nimelala nayo mwaka mzima.

Basi safari hii nilianza mapema, na si kwa kamera.
Februari nilipanda tramu hadi kwao Bałuty,
ghorofa ya nne, lifti mbovu.
Mama yake, Bi Wiesława, alinipa chai ya limau
na onyo: nisikanyage manyoya.
Sakafu yote ilikuwa bawa.
Nikauliza swali ambalo sikuwahi kuliuliza:
vazi hili linataka kutazamwa kutoka wapi?
Akacheka. Akazunguka. Akanionyesha
mshono wa kwapani, usiopenda kuonekana,
na ule wa mgongoni, wa uzi wa rangi ya shaba,
uliomtoboa kidole gumba mara asizozikumbuka.

Nyumbani nililivika fagio koti,
nikaliwashia taa ya zambarau,
mwanga ule mbaya, unaotafuna pua.
Nikajifunza kuupima uso, si giza lililo nyuma yake,
maana kamera ni mjinga mwenye bidii:
ikiona pazia jeusi hulionea huruma,
hulimwagia nuru, ikamuunguza mwenye sura.
Nikajifunza kuhesabu. Anayeruka, akifika kileleni,
husimama kidogo hewani
kabla dunia haijamkumbuka.
Hapo. Si kabla ya hapo.

Jumamosi. Majoka na malkia wamepanga foleni ya kahawa,
shujaa mmoja anashikiwa mkia na kaka yake mlangoni mwa choo.
Kila niliyetaka kumpiga nilimwomba kwanza.
Mvulana wa upanga wa povu nilimwambia, kofia imepinda;
zamani ningeichukua vivyo hivyo na kwenda zangu.
Flashi ilikuwa mfukoni, bila betri, nisije nikashawishika.
Nikapiga goti pembeni mwa jukwaa.
Kushoto, ndiyo.

Saa tisa na robo, Dobrochna.
Bawa la kulia likafunguka, la kushoto likafuata,
ukumbi ukavuta pumzi,
na mkanda ukakatika.

Alilidaka kwa mkono, kama mtu anayedaka mtoto
aliyeteleza kitandani,
akaendelea. Hatua zote. Hadi kuinama kwa mwisho.
Kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza.

Nyuma ya pazia nilimkuta amekalia kreti ya soda,
bawa magotini, gundi imemkaukia shavuni.
Nikampa kamera kabla mwenyewe sijaangalia vizuri.
Ilikuwepo moja. Uso una rangi ya uso.
Mabawa yote mawili yamo ndani ya fremu,
moja linaruka, moja limeshikwa,
na macho, sijui niseme nini kuhusu yale macho.

"Niifute?"

Alinyamaza hadi skrini ikazimika yenyewe.
Akaiwasha tena.
"Usiifute. Ila usimwonyeshe mtu mpaka nishone."

Sasa ni Juni. Anasema anatafuta sindano nene zaidi.
Kadi nimeiweka kwenye kopo la chai, juu ya friji.
Kila nikienda kuchukua maziwa
naigongagonga kwa ukucha, naiambia:
bado.